Jinsi Kijana Asiye na Boti Anavyoweza Kupata Nafasi Kwenye Boti za Tanga za Ziwa Victoria

Kijana anayeishi Entebbe, Munyonyo au Ggaba, hapa Uganda, huyaona matanga meupe ziwani mwisho wa wiki na kudhani kwamba huo ni mchezo wa matajiri na wageni, usiomhusu mtu ambaye kwao hakuna hata mtumbwi. Nami nilidhani hivyo mpaka nilipomaliza mtihani wa S4, yaani mwaka wa nne wa sekondari, mwishoni mwa mwaka 2018. Nilichokuja kukijua baadaye ni kwamba wenye boti wana shida yao ambayo sisi tulio ufukweni hatuioni. Zipo boti zinazoendeshwa na mtu mmoja, kama Laser, ambayo tangu 2019 inaitwa rasmi ILCA. Ipo Optimist ya watoto, yenye urefu wa mita 2.3, ambayo mashindano yake yana mwisho, yaani mwaka ule mtu anaotimiza miaka 15. Lakini ziko pia boti za watu wawili, kama 420 na Fireball, na mwenye boti ya aina hiyo akikosa mtu wa pili hana la kufanya ila kukaa kivulini akinywa soda huku wenzake wakishindana. Mmoja mke wake amesafiri, mwingine mwanawe amerudi shule ya bweni, wa tatu rafiki yake amehamishiwa Nairobi. Nahodha wa namna hiyo hatafuti bingwa. Anatafuta mtu atakayefika, atakayesikia anachoambiwa, na atakayebaki mpaka boti ioshwe.

Nilikulia katika kambi ya polisi, na nyumbani tulizungumza Kiswahili kwa sababu baba alitoka Arua na mama alitoka upande wa Jinja, na lugha hiyo ndiyo iliyowakutanisha. Ziwa lilikuwa karibu nasi kila siku, lakini hakuna mtu wa familia yetu aliyekuwa akiogelea. Mama aliliogopa, na alikuwa na kila sababu ya kuliogopa. Novemba 24, 2018, boti ya starehe iliyoitwa MV Templar ilizama karibu na ufuko wa Mukono, na watu zaidi ya 30 wakafa. Ilikuwa imebeba watu kupita kiasi, na serikali ikasema haikuwa na kibali cha kubeba abiria. Ni katika wiki hizo hizo, likizo ikiwa ndiyo kwanza imeanza, nilipowaambia wazazi wangu kwamba ninataka kujifunza kuendesha boti ya tanga. Mama hakunijibu kabisa. Baba aliniuliza swali moja ambalo kila kijana afaa awe na jibu lake kabla ya kuomba ruhusa: “Mkiwa majini, nani anawajibika?”

Jibu sikuwa nalo, kwa hiyo nilianza na lililokuwa ndani ya uwezo wangu, yaani kuogelea. Kwa nahodha, kuogelea si sifa ya ziada ya baharia mchanga bali ni sharti, na atakuuliza kabla hajakuuliza jina. Hakuna anayekutaka uwe na kasi. Anachotaka ni uhakika kwamba ukitumbukia ghafla, ukiwa na nguo na koti la kuokolea, hutamshika shingo mtu anayekuja kukusaidia. Nilijifunza kwenye bwawa la hoteli moja saa za asubuhi, wakati wageni wachache ndio wanaolitumia, chini ya mwalimu aliyenizuia kugusa ukingo mpaka nilipoweza kuelea chali huku nikizungumza naye kwa sauti ya kawaida. Zoezi hilo la kuzungumza ndilo ninalolisifu zaidi, kwa sababu mtu anayeweza kujibu maswali akiwa anaelea hana hofu tena, na hofu ndiyo inayomchosha mtu majini kabla ya mikono kuchoka.

Baada ya hapo nilimpeleka mama klabuni siku ya mashindano. Hapa Uganda klabu za tanga ni chache. Zinazojulikana zaidi ni Entebbe Sailing Club pale Entebbe na Victoria Nyanza Sailing Club iliyoko Kaazi, eneo lile lile lenye kambi ya taifa ya skauti. Sitaitaja niliyoanzia, kwa kuwa ninayoyasimulia yanaweza kutokea popote palipo na boti. Mama alikaa kwenye benchi na kuhesabu makoti ya kuokolea, moja kwa kila mtu aliyeshuka majini. Akaona boti ya injini iliyokuwa ikizunguka pembeni kwa ajili ya uokozi, na akaona boti moja ikipinduka, vijana wawili wakainuka juu ya ubavu wake, wakaisimamisha na kuendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Alirudi nyumbani akamweleza baba kwamba watu wale wana utaratibu. Baada ya wiki hiyo ruhusa haikuwa tatizo tena, ila kwa sharti kwamba ningekuwa nimerudi kabla ya magharibi.

Nafasi yenyewe haikutoka kwa nahodha, bali kwa mtunza boti, mzee mmoja mzaliwa wa kando ya ziwa upande wa Busia ambaye, aliposikia Kiswahili changu, alifurahi kupata mtu wa kuzungumza naye asubuhi nzima. Nilimwita Mzee, naye akaniita binti. Katika klabu yoyote, mtunza boti ndiye anayejua ni nahodha gani hana mwenzake wiki hii, ni nani mpole, na ni nani anayempigia mtu kelele akishindwa. Kijana anayempita mtu huyu bila salamu ili akamsalimie mwenye gari zuri amepita penye habari zote. Mzee alinipa kazi za nchi kavu: kusukuma boti kwenye kigari chake cha magurudumu mawili, kuisuuza kwa maji safi, kuanika kamba, kukunja matanga. Kukunja tanga kuna adabu yake. Watu wawili husimama kwenye pembe mbili za chini, tanga likakunjwa kwa mikunjo mipana kuanzia chini kwenda juu, kama mkeka unaorudishwa chini ya kitanda, na mikunjo isianguke palepale ilipoangukia wiki iliyopita, kwa sababu kitambaa kinachokunjwa mahali pamoja kila mara huvunjika nguvu hapo na kupoteza umbo lake.

Alinifundisha pia kukagua boti kabla haijaingia majini, na naona afadhali nilieleze jambo hili kwa kina, kwa kuwa ndilo lililonifanya nitambuliwe. Mlingoti wa boti ndogo husimamishwa kwa waya tatu, mbili za ubavuni na moja ya mbele, na kila waya umefungwa kwenye mwili wa boti kwa pini ndogo ya chuma. Pini hiyo huzuiwa isichomoke na kipete chembamba kuliko pete ya sikio. Kipete kikichakaa au kikinaswa na kamba kinaweza kufunguka, na pini ikichomoka mlingoti wote huanguka. Kwa hiyo kila boti iliyoandaliwa niliizunguka nikishika vipete kimoja kimoja kwa vidole, kisha nikatazama kizibo cha tundu la kutolea maji nyuma ya boti kama kimekazwa, kisha nikatazama mwisho wa kila kamba kama una fundo lenye umbo la namba nane, ili kamba isichomoke kwenye tundu lake upepo ukiwa mkali. Siku moja nahodha mmoja aliyekuwa na haraka aliniona nikikaza kizibo cha boti yake ambacho yeye mwenyewe alikuwa hajakigusa. Hakusema neno, lakini wiki iliyofuata alimwuliza Mzee mimi ni mtoto wa nani.

Kabla hajanichukua nilipita mlango mwingine, ambao vijana wengi hawaujui. Mashindano hayawezi kufanyika bila watu wa kuyasimamia, na kazi hiyo wanachama huikimbia kwa sababu kila mmoja anataka kuwa majini. Nilijitolea kushika bendera na kuandika muda. Utaratibu wa kuanza ni wa dunia nzima: zikibaki dakika 5, bendera ya aina ya boti hupandishwa, zikibaki 4, hupandishwa bendera ya buluu yenye mraba mweupe katikati, ikibaki dakika 1, hiyo ya buluu hushushwa, na muda ukitimia, ile ya kwanza nayo hushushwa, kila hatua ikiambatana na mlio. Aliyeshika bendera huona kutoka pembeni jinsi manahodha wanavyogombania mstari wa kuanzia, huijua namba ya kila tanga, na hujifunza kanuni ya kwanza ya majini, kwamba boti inayopigwa na upepo kutoka kuume ina haki ya njia mbele ya ile inayopigwa na upepo kutoka kushoto. Faida kubwa zaidi ni kwamba mashindano yakimalizika, kila nahodha huja kwako kuuliza muda wake. Ndani ya muda mfupi watu wote walinijua kwa jina, na sikuwa nimewahi kuomba lifti ya boti.

Siku niliyoitwa, swali lilikuwa kuhusu uzito wangu. Wasichana wenzangu wakilisikia swali hilo huona haya au hukasirika, lakini kwenye boti ndogo uzito wa watu ni sehemu ya mtambo. Upepo ukiwa mwepesi, mtu mwembamba ni mali, na upepo ukiwa mkali nahodha humtaka mzito wa kukaa ukingoni ili boti isilale. Nilikuwa mwembamba, na asubuhi ile upepo ulikuwa hafifu. Jua kilo zako na uzitaje bila aibu.

Mtu wa pili hukaa mbele ya nahodha. Ndiye anayeshika kamba za tanga dogo la mbele, anayeshusha na kuinua ubao wa katikati unaozuia boti kusukumwa kando, na anayehamisha mwili wake ili boti isimame wima. Kwenye tanga dogo hubandikwa nyuzi za sufu, moja kila upande. Uzi wa upande unakotoka upepo ukirukaruka, unavuta kamba. Wa upande wa pili ukirukaruka, unalegeza. Zote mbili zikilala sawasawa, unatulia. Kwa kuwa boti haiwezi kwenda moja kwa moja kuukabili upepo, hupiga bisho, ikienda huku na huko kwa mshazari, na kila inapogeuka nahodha husema “Tayari?” Unajibu “Tayari” pale tu ambapo kamba imo mkononi na miguu yako haijanasa. Kisha husema “Nageuza,” boriti ya tanga kubwa inapita juu ya vichwa, unainama, unaachia kamba ya upande mmoja, unavuka, unavuta ya upande mwingine na kukaa ukingoni, yote katika sekunde chache. Ukijibu “Tayari” kabla hujawa tayari, wote wawili mtaoga. Nahodha wangu alipenda kusema kidogo, nami nikagundua kwamba alichokuwa akikihitaji zaidi kwangu ni macho, kwa sababu tanga humziba asione upande upepo unakoelekea, na mtu wa pili ndiye anayemwambia kuna boti, kuna wavu wa mvuvi, kuna magugu maji.

Upepo wa ziwa letu una tabia yake, na kijana anayeielewa huonekana mzoefu hata kama ni mgeni. Ziwa Victoria lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,800 na liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, tena mstari wa ikweta unalipita. Usiku nchi kavu hupoa kuliko maji, na upepo huvuma kutoka nchi kavu kuelekea ziwani. Mchana nchi kavu hupata joto upesi, na upepo hugeuka kutoka ziwani kuja kwetu. Katikati, yaani asubuhi jua linapoanza kukaza, huwa kuna kipindi cha shwari ambapo tanga linaning’inia tu. Ndiyo maana kwetu mbio nzuri ni za mchana. Pepo za usiku kutoka pande zote za ziwa hukutana katikati na kuinua mawingu, na dhoruba nyingi za radi hutokea kati ya usiku wa manane na asubuhi, jambo ambalo wavuvi wa Kasenyi na Kigungu wanalijua kuliko sisi wote. Ukiona wingu jeusi lenye ukingo mkali na maji ya mbali yakibadilika rangi, mwambie nahodha hata kama unadhani ameshaliona.

Niliwahi kufikiri kwamba mialo ya wavuvi ingekuwa njia rahisi zaidi ya kupata tanga, kwa kuwa upande wa Kenya na Tanzania bado ipo mitumbwi inayotumia matanga. Mzee alikua nayo na alinisimulia mengi. Lakini mvuvi yuko kazini, anatoka usiku, mara nyingi bila koti la kuokolea, na kijana asiyejua kitu ni mzigo kwake. Nenda mwaloni ukajifunze mafundo, viraka na hali ya hewa, na usipande.

Afya nayo isisahauliwe. Kichocho kipo Ziwa Victoria, hasa kwenye maji tulivu ya kingoni yenye majani na konokono, na boti huingizwa majini hapo hapo kingoni. Tangu nianze, nimekuwa nikienda kituo cha afya kupimwa, na dawa yake, prazikwanteli, inajulikana na inapatikana. Jambo la kawaida kama hilo lisikuzuie, ila usilipuuze, na mwambie daktari waziwazi kwamba unaingia ziwani mara kwa mara. Kuhusu vifaa, sioni sababu ya kijana kununua chochote cha ghali. Viatu vya zamani vilivyofungika, shati la mikono mirefu, chupa ya maji na kofia yenye kamba ya kufungia kidevuni vinatosha. Koti la kuokolea ni la klabu au la mwenye boti, nawe ujaribu mwenyewe kama vifungo vyake vinabana.

Kuna jambo ambalo wasimulizi wengi wa mchezo huu hulipita haraka, nami sitaki kulipita. Kijana anayetafuta nafasi kwenye boti za watu wazima anajiweka mikononi mwa watu asiowajua, mahali ambapo hawezi kushuka na kuondoka. Mwaliko wa safari ya siku kadhaa, bure, kutoka kwa mtu aliyekutana nawe kwenye simu tu, si nafasi. Mimi nilikataa mwaliko wa namna hiyo nikiwa na miaka 17, ingawa boti yenyewe ilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kuziona. Mashindano ya klabu yana faida kwamba yanafanyika mbele ya macho ya watu, yana boti ya uokozi, na yanaisha siku hiyo hiyo. Baba alitaka namba ya simu ya nahodha, akampigia, wakazungumza kama watu wazima wawili. Nahodha aliyeona ubaya kupigiwa simu na mzazi nisingepanda boti yake.

Tangu mwanzo niliweka daftari. Kila nilipotoka majini niliandika tarehe, aina ya boti, hali ya upepo na kazi niliyofanya, kisha nahodha akatia sahihi. Nilipoanza nilicheka kidogo mwenyewe, nikiona kama ninajifanya nahodha wa meli, lakini daftari hilo ndilo lililozungumza kwa niaba yangu nilipoanza kutazama nje ya ziwa. Mwaka 2020 janga la korona lilitufungia, na ziwa lenyewe likapanda mno hata maji yakameza fukwe na gati nyingi, kwa hiyo tulikaa muda mrefu bila mbio. Machi 2021 jahazi la Flipflopi, lililojengwa Lamu kwa plastiki iliyotupwa, lilizunguka Ziwa Victoria, na habari zake ndizo zilizonifanya nitake kuiona bahari. Mombasa na Dar es Salaam zina klabu za tanga, na mtu anayetoka bara akiwa na barua ya klabu yake pamoja na daftari lenye sahihi hupokelewa kwa namna tofauti na mtalii. Huko upepo hauji na kuondoka kwa siku moja kama kwetu. Kusi na Kaskazi hukaa kwa miezi, na baharia wa ziwani hushangaa jinsi tanga linavyoweza kukaa upande mmoja kutwa nzima. Wako pia vijana wanaotamani meli kubwa za mafunzo. Katika mashindano ya kimataifa ya meli hizo, angalau nusu ya mabaharia hutakiwa wawe na umri wa kati ya miaka 15 na 25, na uzoefu si lazima. Kikwazo kwetu ni nauli na viza, kwa hiyo naona ni busara kwanza kuzimaliza nafasi zilizo umbali wa nauli ya bodaboda.

Sasa mimi ndiye ninayeshika usukani, na mtu wangu wa pili yuko Makerere, hivyo wiki za mitihani ninakuwa sina mwenzangu. Vijana huja, wengine wakiwa wamevaa miwani ya jua wakitaka picha, na sina neno nao, picha nitawapiga. Anayenivutia ni yule aliyeshika upande wa pili wa kigari bila kuitwa. Huyo ninamwuliza kama anaogelea, ana kilo ngapi, na kama kuna mtu mzima nyumbani ninayeweza kumpigia simu jioni hiyo. Akinipa namba, ninamwambia aje Jumamosi kabla ya saa nne asubuhi, amsalimie kwanza mtunza boti, na asisahau kofia yenye kamba.